Mamba Wangu wa Redioni

Machi 6
Bila mimi, Mhoja mwana wa Shigela, chuo kikuu kile cha ng'ambo, Mwanza mjini, kingefunga milango. Nasema hivyo bila kujisifu. Mpwa wangu Gladness, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko pale mwaka wa mwisho, anasomea mawasiliano na habari. Leo amevuka na kivuko hadi Kamanga, akaja kwa miguu mpaka huku kwetu mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki. Wana madarasa, wana mitambo, wana kompyuta mpaka chooni. Mtu wa kuzungumza ndiye hawana. Wamenitafuta mimi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Natakiwa nitengeneze kipindi cha redio, ndiyo kazi ya kumalizia masomo. Nimechagua hadithi za watu wa ziwani."

"Basi wamekutuma, ila hujui."

Daftari hili kaniletea yeye. Anasema niandike kinachonitokea, itamsaidia kunifahamu. Darasa la saba nilifika, cheti ndicho hakikufika. Lakini kuandika naandika.

Mvua bado. Mawingu yamekaa upande wa Ukerewe kama ng'ombe waliokataa kuingia zizini.

Machi 8
Tumerekodi, kwenye banda la kupimia samaki. Gladness alitaka tukae wawili mahali pa kimya. Nikamwambia mimi nikifungua kinywa hakuna mahali pa kimya, na kweli, kabla sijamaliza kukohoa banda lilikuwa limejaa.

Nikawapa ile ya mamba. Jinsi alivyonidaka mguu nikioga pale mawe mawili, jinsi nilivyomwinamia sikioni nikamweleza kwa Kisukuma cha heshima kwamba ukoo wetu hauliwi, jinsi alivyoona haya akafungua kinywa. "Tangu siku hiyo mamba wa ghuba hii ni kijana wangu," nikasema. "Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia nenda kamlete fulani, anamleta."

Walicheka mpaka kuku wakatoka bandani. Nkwabi, mwenye mitumbwi, akapaza sauti: "Mjomba, mwambie basi aniletee mke wa pili!" Nikamjibu: "Huyo wa kwanza umemlisha nini?" Mama yake Nkwabi, Teodora, alikuwa anajifuta machozi kwa kanga. Lakini aliyetuua ni Malimi, mdogo wake Nkwabi. Kicheko cha Malimi ni mashine ya mtumbwi: unavuta kamba, hi, inakufa, unavuta tena, hi, inakufa, mara inawaka, na ikiwaka haizimiki.

Nikapandisha suruali, nikawaonyesha kovu. Safu ya meno kwenye muundi, kila mtu hapa analijua. Gladness akalipiga picha.

Kurudi nyumbani nilikokota baiskeli. "Mjomba, si upande tu, mimi nakuja taratibu?" Nikamwambia breki zimelegea.

Machi 15
Mvua. Nimebanika samaki ndani, moshi umeniingia machoni.

Machi 21
Leo nimetoka redioni. Redio ya chuo inafika mpaka huku upepo ukiwa mzuri. Mke wangu Sabina aliweka redio juu ya debe, mimi nikakaa kitini kama mgeni rasmi. Jamani, ni mimi! Sauti safi, nzito, hakuna hata mende anayepita.

Nikampigia Gladness. "Mbona watu hawacheki?"

"Niliondoa kelele za nyuma, Mjomba. Ndivyo tunavyofundishwa, sauti ya msimulizi isimame peke yake. Mwalimu Mastura kanisifu mbele ya darasa zima."

Nilifurahi. Sauti kusimama peke yake si jambo la kila mtu. Sabina ndiye aliyekaa akitazama lile debe.

"Baba Yakobo," akasema, "hapo umesikika kama mtu anayesema kweli."

Nikamshukuru.

Machi 27
Kipande changu kimeingia kwenye simu za watu. Kimefika Usagara, kimefika Sengerema, Yakobo mwanangu amekipata Geita. Pale Kamanga kijana wa tiketi ameniita Mzee wa Mamba. Nimekokota baiskeli sokoni, nikazunguka tena, ili walionikosa mara ya kwanza wasinikose.

"Shikamoo Mzee wa Mamba! Mbona hupandi?"

"Mzigo wa kayabo ni mzito," nikawaambia. Kweli nilikuwa na kayabo, samaki wa chumvi, ingawa si wengi.

Aprili 2
Mvua haijakatika. Ziwa limepanda, limemeza matete yote ya mbele, limefika kwenye vichanja vya dagaa. Mahali tulipokuwa tunasimama, sasa samaki ndiye anasimama.

Aprili 5
Mvua.

Aprili 9
Sitaki kuandika, ila naandika.

Asubuhi nilikuwa nabanika. Nikasikia mwano, ile sauti ya kuitana ambayo ukiisikia unaacha hata sufuria motoni. Unatokea mwaloni. Nikakimbia. Nilipofika nilikuta wanaume wamesimama majini na kasia, wanapiga maji, wanayapiga kama mtu aliyewakosea. Mmoja wao aliniambia neno moja tu: mamba. Nyavu ya Malimi ilikuwa inaelea, nusu imekunjwa, nusu bado. Alikuwa anaiosha kando ya matete, maji ya magotini tu. Kandambili yake moja ilikuwa mchangani, imepangwa vizuri, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Nkwabi alikuwa amezama mpaka kifuani, anaita jina la mdogo wake.

Nikafika ukingoni nikavua viatu. Nilitaka kuingia. Nilitaka, Mungu anajua. Ndipo Nkwabi akageuka akaniona. Hakunitukana. Alinitazama, halafu akatazama mguu wangu.

Nikavaa viatu.

Aprili 11
Wamempata kwenye magugumaji. Tumemzika leo, mvua inanyesha kaburini.

Msibani nilikaa kwenye benchi la wanaume. Aliyekuwa kushoto akakumbuka kwenda kuangalia kuni. Aliyekuwa kulia akaitwa na mtu ambaye sikumsikia akiita. Benchi zima likabaki langu. Nikasema moyoni, watu wana huzuni, kila mtu anatafuta pa kuiweka.

Kisha nikasikia sauti yangu.

Ilitoka nyuma ya nyumba, kwenye simu ya Nkwabi. Vijana walikuwa wameinama juu yake. "Mamba wa ghuba hii ni kijana wangu. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia nenda kamlete fulani, anamleta." Wakairudia. "Nenda kamlete fulani, anamleta." Wakairudia tena. Hakuna kicheko. Hakuna Nkwabi na mke wake wa pili. Sauti nzito, safi, imesimama peke yake.

Hata mimi nilimwogopa yule mtu.

Aprili 12
Leo hakuna aliyeniamkia. Hata mtoto.

Aprili 13
Hakuna aliyeniamkia.

Aprili 14
Sabina alikwenda kuteka maji. Wanawake waliokuwa pale walijitwisha ndoo zisizojaa wakaondoka. Amerudi akaanza kuchambua mchele. Alipomaliza akauchambua upya.

Samaki wangu hawanunuliwi. Wanaulizana ni nani huko majini aliyeniletea.

Nimejitazama kwenye kioo cha Sabina. Macho yangu ni mekundu. Ni moshi, mbanika samaki yeyote yuko hivi. Lakini nimeishi Usukuma maisha yangu yote, najua wazee wenye macho mekundu waliitwa wachawi, na najua ni wangapi walioulizwa kama wanabanika samaki. Nimeyaosha kwa maji ya chumvi. Yamezidi.

Aprili 16
Mvua kubwa. Nimebaki ndani. Kila anayepita njiani namsikiliza mpaka nyayo zake ziishe. Mtu akisimama, na mimi moyo unasimama.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Nimeanza kujiuliza. Neno likishatoka kinywani, nani anajua linakwenda wapi? Nimekisema kile kitu kwenye harusi, kilabuni, mpaka mbele ya padri. Je, kama kuna siku kilisikika? Sabina akanikuta nimekodoa macho ukutani.

"Unawaza nini?"

"Kama nilimtuma."

Akaweka mwiko chini. "Wewe ulimtuma Yakobo dukani akiwa na miaka tisa hakuenda. Mamba ndiye atakwenda?"

Nilicheka kidogo. Halafu mtu akapita njiani tukanyamaza wote wawili.

Aprili 18
Asubuhi nimekuta baiskeli imeegemea ukuta, matairi yote mawili yamechanwa kwa kisu. Leo kweli haina upepo. Na kwenye kitasa cha mlango wamefunga fungu la matete mabichi, yale ya pale alipochukuliwa Malimi, bado yanadondosha maji.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mashimba, amekuja mchana. Alikataa kiti.

"Mhoja, nimewazuia vijana mpaka mkutano wa kitongoji. Baada ya mkutano siwezi kuahidi. Sungusungu watakuwepo, na Nkwabi ataleta kile kipande."

"Mwenyekiti, ulikuwepo siku ile. Ulicheka."

"Sikumbuki."

"Ulishika mbavu!"

"Mhoja." Akatazama matete kitasani, akatazama pembeni. "Nenda kwa Yakobo, Geita. Nenda sasa hivi kungali na mwanga."

"Nikiondoka watasema nimekimbia na mamba wangu. Watamfuata Sabina."

Aligeuka akashika njia. Huyu ni mtu niliyecheza naye bao tangu tukiwa vijana, na leo hakunipa mkono. Sikumchukia. Nilimwona ameogopa kuliko mimi, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikampigia Gladness, nikamweleza.

"Mjomba, ni mimi niliyekata."

"Wewe ulifanya walivyokufundisha."

"Nilikata watu." Akaanza kulia. "Nakuja."

"Usije! Wewe ni damu yangu, watakuweka fungu moja na mimi. Kaa huko, maliza chuo."

"Chuo nimeshakwenda. Nimemwambia Mwalimu Mastura kipindi kina kosa, nimeomba kitolewe. Kwa hiyo sina kazi ya kumalizia. Nitarudia mwakani." Akapenga kamasi. "Mkutano ni lini?"

Aprili 20
Mvua. Hakuna aliyeniamkia. Sabina amefunga nguo zake kwenye kanga, na za kwangu, ameweka fungu nyuma ya mlango. Hatujalizungumzia.

Aprili 24
Leo nimefika jioni ya siku hii nikiwa hai, nitaandika yote.

Mkutano ulikuwa palepale, banda la kupimia samaki. Mvua inapiga bati. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamesimama na fimbo zao kwenye nguzo, vijana wa mwaloni wamekaa mbele, na mimi nimewekwa juu ya kreti la samaki katikati, kama mzigo unaosubiri kupimwa. Teodora alikaa pembeni, kanga nyeusi, hajanitazama hata mara moja.

Nkwabi akasimama. Akacheza kile kipande. Kikaisha.

"Hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini ilikuwa..."

"Mimi humu sijasikia lakini. Kuna mtu kasikia lakini?"

"Hatujasikia!"

"Mdogo wangu aliletwa na nani?"

Jamani, mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumnyamazisha mkaguzi wa nyavu kwa hadithi mpaka akasahau kilichomleta. Leo nilitafuta neno moja nikakuta kinywa kikavu kama dagaa. Nilimtazama Mashimba. Alikuwa anatazama kalamu yake. Kijana mmoja mbele akasimama, na mwingine, na nikaona fimbo zinaondoka kwenye nguzo. Nikasikia Sabina huko nyuma ananiita, si Baba Yakobo, ananiita Mhoja.

"Shikamooni wazee!"

Ni Gladness. Amelowa mpaka nywele zimemshuka usoni, amekumbatia spika ndani ya mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Alitoka kivukoni kwa miguu, bodaboda hakuna anayekubali kuja huku. Hakungoja marahaba. Alipita katikati ya zile fimbo akaja akasimama mbele ya kreti langu.

"Kile kipande nimekitengeneza mimi," akasema. "Na nimekikata mimi."

"Umekata nini?" Nkwabi akauliza.

"Ninyi. Niliwakata ninyi wote. Ninayo yote kama ilivyokuwa. Naomba msikie, halafu mtaamua."

"Tumeshasikia!" mtu akasema.

"Mwacheni binti," akasema Mashimba. Huyo ndiye Mashimba ninayemjua. Amechelewa, lakini kafika.

Gladness akaweka spika juu ya mzani. Nikajisikia tena, mawe mawili, sikio la mamba, Kisukuma cha heshima. Lakini safari hii banda lilikuwa limejaa. Kuku wanalia. Mtu anapiga mapaja. Mashimba anasema "toka hapa, mwongo wewe!" huku anakohoa. "Nenda kamlete fulani, anamleta," nasema, na hapohapo: "Mjomba, mwambie basi aniletee mke wa pili!"

Nkwabi alishtuka kama amepigwa kofi na mtu asiyeonekana.

Halafu ikaja. Hi. Ikafa. Hi. Ikafa. Halafu ikawaka.

Malimi alicheka ndani ya lile banda, mvua inapiga bati. Alicheka kama alivyokuwa akicheka siku zote, bila breki, akajaribu kusema kitu akashindwa, akaanza upya.

"Zima!" Teodora akasimama. Gladness akazima.

Mama yule akabaki amesimama, mkono mmoja kinywani. Sikujua atafanya nini. Nilidhani ndio mwisho wangu.

"Hapana," akasema. "Washa. Rudisha pale."

Akairudisha. Hi. Hi. Ikawaka. Teodora aliisikiliza amefumba macho mpaka mwisho. Kisha akaja kwangu, watu wakampisha, akasukuma kreti la jirani kwa mguu.

"Mhoja. Weka mguu hapa."

Nikaweka. Akapandisha suruali yangu mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kovu, jino kwa jino.

"Hili ni la mamba?"

Watu wote wananitazama. Hadithi ile nimeilea kuliko Yakobo. Nikaiangalia inaondoka.

"Hapana, dada. Ni la baiskeli. Yale meno yanayoshika mnyororo. Nilikuwa nateremka mlima wa Buswelu kwa kasi, breki zikakatika, nikaruka, ikaniangukia."

Mvua tu.

"Yaani mtu anayeng'atwa na baiskeli," akasema Teodora, "ndiye atume mamba?"

Mtu alicheka nyuma, akajizuia haraka. Sungusungu mmoja akainamisha kichwa, mabega yanacheza. Teodora hakucheka. Akashusha suruali yangu, akageuka kwa mwanawe.

"Mdogo wako alijua ni mzaha. Na wewe ulijua, nimekusikia humo. Kama unatafuta wa kumpiga, ziwa liko pale."

Nkwabi akaweka chini fimbo aliyokuwa ameshika. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Alimwendea Gladness, mtu mzima yule, akainama akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu:

"Dada, kile kicheko. Unaweza kunirushia kwenye simu? Hicho tu. Hayo mengine kata."

Aprili 25
Mtoto wa jirani ameniamkia. Nikaitikia mara mbili.

Mei 1
Watu wa wanyamapori walikuja na gari, wakampiga risasi mamba mkubwa kwenye matete. Vijana wakaniita nikamtazame. Nilimtazama, kwa mbali sana. Hakufanana na mtu wa kuona haya.

Gladness atarudia mwaka. Ameshaanza kipindi kipya, juu ya kile alichokikata. Niliwahi kudhani chuo kinanihitaji mimi. Sasa naona kinamhitaji yeye, ila hakijajua. Jana redio ya chuo imecheza masahihisho, na amesema jina lake mwenyewe, kwamba kosa ni lake. Mimi singeweza. Ningetafuta upepo wa kuusingizia.

Mei 4
Mvua imepungua. Usiku bado nasikiliza nyayo.

Leo Nkwabi amekuja na matairi mapya mawili na pampu. Hakusema alikoyatoa wala kwa nini. Akakaa uwanjani, akayafunga, akajaza upepo, akakaza breki, akatia mafuta mnyororo mpaka ukang'aa. Kisha akasimama akafuta mikono.

"Mjomba, kesho asubuhi napeleka kayabo Kamanga, na mimi nina baiskeli yangu. Twende wote, kila mtu na yake. Watu watuone pamoja, yaishe."

"Twende," nikasema. Ningesema nini?

Ameondoka. Baiskeli imesimama pale ukutani, nzima, hainiachii kisingizio. Sabina ananitazama kutoka jikoni na ameuma kanga asicheke, maana ndani ya nyumba hii ni yeye peke yake anayejua. Siku niliyoumia hapakuwa na mlima wowote, wala Buswelu, wala kasi. Baiskeli ilikuwa imesimama kwa stendi yake hapahapa uwanjani, na mimi nilikuwa najaribu kuipanda.

Sijui kuendesha baiskeli.